Ukipandisha ploti yako, maji umeyahamishia kwa nani?

Hapa Mombasa maji ya mvua hayana mwenyewe mpaka yaingie sebuleni mwa mtu. Hapo ndipo simu zinapoanza kulia. Kazi yangu ni kupima viwango vya ardhi kwa wajenzi wadogo: nyumba za watu, gorofa za kupangisha, kuta za mipaka, maduka ya kando ya barabara. Simu za Januari na Februari ni za wanaotaka kuanza msingi kabla ya masika. Simu za Mei ni za ugomvi. Na ugomvi wa Mei, ukiufuata hadi mzizi wake, mara nyingi utakuta kuna mtu alimwaga kifusi.

Tuseme umenunua ploti ya futi hamsini kwa mia huko Mtopanga au Kiembeni. Fundi anakuja, anaitazama barabara, anaitazama ardhi yako, anakwambia, "Bosi, hapa tupandishe futi mbili, tutalala salama." Malori yanaingia, kifusi kinamwagwa na kushindiliwa, juu kabro, vile vitofali vya kupanga chini, pembeni ukuta wa mawe. Mvua ya kwanza ikinyesha unakaa barazani na kikombe chako cha kahawa, miguu mikavu. Lakini yale maji yaliyokuwa yakilala kwako hayakupaa mbinguni. Yameteremka kwa jirani wa chini, ambaye aghalabu ni mzee aliyejenga zamani, au mama mjane mwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, asiyeweza kulipia hata lori moja la kifusi. Mwakani jirani wa upande wa pili naye anapandisha, kwa kuogopa asije akawa yeye ndiye shimo la mtaa. Basi tunapandishana hivyo hivyo mpaka maji yabaki kwa aliyeishiwa.

Sisemi kupandisha ni haramu. Pengine ardhi iko chini kweli na huna budi. Ninachosema ni kwamba anayepandisha ana deni la kueleza maji yake yataenda wapi, na deni hilo sheria ya Kenya inalijua, ingawa sisi huku mitaani tunajifanya hatulijui.

Na wanaopandisha si watu binafsi tu. Mitaa mingi imewekewa kabro miaka hii, jambo jema, vumbi limepungua na tuktuk zinapita bila kuvunjika. Lakini kabro huwekwa juu ya kifusi kilichoshindiliwa juu ya barabara ya zamani, na barabara ya zamani yenyewe ilikuwa imeshaongezewa kifusi mara kadha wa kadha. Mzee mmoja upande wa Kisauni aliniita nimpimie, nikamkuta amekaa mlangoni na mkeka wake umeanikwa uani. Akaniambia, "Mwanangu, nyumba hii niliijenga ngazi tatu juu ya barabara. Watoto wangu wakiruka kutoka barazani. Leo mimi nashuka ngazi mbili kuingia kwangu." Nilimwambia pole, mzee wangu. Nilikuwa na la kumwambia zaidi ya pole, lakini kwanza nilitaka tupate namba, maana ofisini huwezi kwenda na pole.

Kupata namba hakuhitaji mashine ya bei. Mimi ninayo, lakini kwa kazi kama ile natumia pimamaji ya mpira, kitu ambacho kila fundi wa mawe anacho garini au begani. Ni mpira mwembamba wa plastiki unaoonekana ndani, wa mita 15 au 20, umejazwa maji. Mmoja anashika ncha moja barazani, mwingine ncha ya pili barabarani. Kabla ya kusoma chochote, hakikisheni hakuna povu la hewa lililonasa katikati. Ugonge mpira kwa kidole, povu litapanda lenyewe. Toeni vidole gumba kwenye ncha zote mbili kwa pamoja. Maji yatacheza juu na chini kidogo, halafu yatatulia, na yakitulia, uso wa maji kwenye ncha zote mbili uko usawa mmoja hata kama kuna ukuta baina yenu na hamuonani. Pima kwa futi kamba kutoka juu ya maji mpaka sakafu ya baraza, upande wa pili kutoka juu ya maji mpaka kwenye kabro. Toa moja kwa nyingine. Kwa yule mzee, kabro ilikuwa juu ya sakafu yake kwa kiasi cha kiganja kilichokunjuliwa. Tukapiga picha futi kamba ikiwa imesimama, tarehe ikiwa imeandikwa kwenye karatasi pembeni. Picha ya namna hiyo ina uzito kuliko video ya mafuriko, kwa sababu video inaonyesha mvua, nayo mvua ni ya Mungu. Kiwango cha barabara ni cha mtu.

Sasa tuje kwenye sheria, maana hapa ndipo mazungumzo ya barazani hukwama. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya pili, inazipa kaunti kazi ya mifumo ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa. Imeandikwa waziwazi, kipengele cha 11. Watu wakishaisikia hiyo wanakunja mikono: basi ni kazi ya kaunti, sisi tuendelee kumwaga. Lakini aliyepewa kazi ya mtaro hakupewa kazi ya kubeba kila tone linaloteremka kwenye paa lako. Upande wa pili kuna Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, kifungu cha 57: hakuna kuendeleza ardhi katika kaunti bila kibali. Ukiendeleza bila kibali, faini ni hadi shilingi 500,000 au kifungo cha hadi miezi 2, au vyote viwili. Na la uchungu zaidi kuliko faini: unaweza kuamriwa urudishe ardhi ilivyokuwa, na ukikaidi kaunti inaweza kuirudisha yenyewe na gharama ikakufuata wewe. Kuendeleza katika sheria hiyo kunahusu kazi yoyote inayofanywa juu ya ardhi. Kwa hiyo yule anayesema "mimi sijajenga bado, nimejaza kifusi tu" hajajitoa. Malori yake yalikuwa kazi juu ya ardhi.

Mradi ukiwa mkubwa, nyumba nyingi au gorofa za maana, inaingia NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na Sheria ya Mazingira ya 1999. Panatakiwa ripoti ya athari za mazingira kabla ya jembe la kwanza. Wenye kuandaa ripoti hutuma vijana mtaani na fomu za majirani. Nyote mmewaona: kijana nadhifu na ubao wa kuandikia, anagonga mlango saa za mchana, anauliza una maoni gani kuhusu mradi. Wengi wetu tunaandika "sina pingamizi" ili tukamilishe kupika. Nawaomba, kina mama na kina baba, ile fomu ndiyo nafasi ya bei rahisi kuliko zote mtakayopata. Muulizeni kijana: maji ya paa lote lile yataelekea wapi? Mtaro upi, na mtaro huo unaishia wapi? Andikeni swali hilo kwa maneno yenu, kwa Kiswahili chenu, na mpige picha fomu kabla hajaondoka nayo. Swali lililoandikwa kwenye fomu linamfuata mwenye mradi mpaka kwenye ripoti.

Nimetaja paa, basi tupige hesabu kidogo, kwa sababu bila hesabu watu wanadhani nazungumzia vijitone. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Hapo hakuna fomula nyingine. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni mita za mraba 464 na ushei. Siku mbaya ya masika, milimita 100 zikishuka, ploti hiyo moja imepokea zaidi ya lita 46,000. Hayo ni malori manne na nusu ya maji yale ya lita 10,000 tunayoyanunua. Ploti ikiwa mchanga na minazi, sehemu kubwa ilikuwa ikizama hapo hapo. Ukiweka bati juu, kabro chini na ukuta pembeni, karibu yote yanatoka getini, tena yanatoka kwa pamoja, ndani ya saa ile ile mtaa mzima unamwaga. Mtaro haujazwi na mvua ya siku nzima. Unajazwa na ile nusu saa ambayo kila mtu anamwaga mara moja. Watu huniambia kabro si saruji, inapitisha maji kwenye viungo. Inapitisha mwanzoni. Baada ya mwaka wa vumbi na mafuta ya gari, viungo vimeziba na maji yanateleza juu yake.

Kichekesho cha mji huu ni kwamba nyumba iliyofurika juzi leo inanunua maji. Tunategemea vyanzo vya mbali vya Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, mabomba yanakauka kwa zamu, na mkokoteni wa mitungi unapita asubuhi kwenye barabara ambayo wiki iliyopita ilikuwa bwawa. Wazee wetu hawakuwa hivyo. Nenda Ngomeni, ndani ya Fort Jesus, utaliona birika la maji ya mvua mpaka leo. Paa la mita za mraba 150 likipata mvua ya milimita 60 linatoa lita 9,000, toa kidogo kwa upotevu. Mtu ananunua tangi la lita 10,000, analiunganisha na bomba la kampuni ya maji, na mlizamu wa paa anauachia umwage ukutani kwa jirani. Hilo tangi lilikuwa lifanye kazi mbili kwa bei moja.

Lakini tangi halitoshi peke yake, na hapa lazima tutofautishe ardhi, kwa sababu nasikia mafundi wakitoa dawa moja kwa mji mzima. Mombasa si ardhi moja. Ukanda wa baharini, sehemu kubwa ya kisiwa, Nyali, Bamburi, unakaa juu ya jiwe la matumbawe na mchanga, na jiwe hilo lina matundu, linakunywa. Ukivuka kwenda Changamwe, Jomvu na Miritini unakanyaga udongo mzito uliotokana na miamba ya tabaka za udongo, na udongo huo ukishashiba haunywi tena. Shimo la kunyonyea maji ambalo Nyali linamaliza kazi kwa saa chache, Miritini linageuka kisima cha vyura.

Usimwamini fundi, wala usiniamini mimi. Jaribu. Chimba shimo dogo la kina cha mkono mahali unapofikiria kuweka la kunyonyea, ufike mpaka kwenye jiwe au udongo wenyewe, si kwenye kifusi cha juu. Lijaze maji, liache lizame. Lijaze tena, maana mara ya kwanza ardhi kavu hudanganya, inakunywa kama mtu aliyefuturu. Mara ya pili ndiyo ya kusoma: simamisha kijiti chenye alama, tazama saa, uone maji yameshuka vidole vingapi. Kwenye matumbawe utaona yakishuka ukiwa umesimama. Kwenye udongo wa Miritini unaweza kwenda kuswali, ukala, ukarudi, ukayakuta karibu pale pale. Hapo shimo la kunyonyea ni kupoteza pesa. Unahitaji tangi la kuyashika na tundu dogo la kuyaachia polepole kwenye mtaro baada ya mvua kupungua.

Na hata penye matumbawe, tahadhari. Jiwe linalokunywa haraka halichuji. Kinachoingia juu kinafika chini kwenye maji ya kisima, na visima vya pwani tayari vina kazi ya kupigana na chumvi ya bahari. Maji safi ya paa yakizama ni neema, yanaongeza yale maji matamu yaliyoelea juu ya maji ya chumvi. Maji ya gereji, ya mahali pa kuoshea magari, ya jaa, hayo usiyatumbukize kwenye shimo. Wala usielekeze mlizamu kwenye septiki, itafurika na kutoa uchafu wake nje. Wala kwenye bomba la maji taka la kampuni, kwa sehemu chache za mji zilizonalo. Lile bomba lilijengwa kwa ajili ya vyoo na jikoni na linaelekea kwenye mitambo ya maji taka ya Kizingo au Kipevu. Ukilitia mvua, vifuniko vya barabarani vinanyanyuka na kinachotoka mnakijua.

Jambo jingine ambalo sijawahi kuliona likichorwa kwenye ramani ya mteja yeyote: bamvua, yale maji makuu ya bahari. Mitaro ya kisiwani na ya ng'ambo inamwaga baharini au kwenye hori, kama Tudor. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari yetu hupanda na kushuka kwa karibu mita 4. Mvua kubwa ikikutana na maji makuu ya bamvua, mdomo wa mtaro umezama, na maji ya mjini hayana pa kwenda mpaka bahari ianze kutoka. Ndiyo maana mvua ya kiasi kile kile wiki moja inapita na wiki nyingine inakaa hadi adhuhuri. Mvuvi yeyote atakwambia bamvua ni lini; kalenda za maji zipo. Mwenye gorofa karibu na hori anayechora mtaro wake umwage kwenye kiwango cha chini kabisa cha ufuo amechora mtaro utakaofanya kazi nusu ya siku.

Sasa nije kwenye kero yangu binafsi, kalvati la getini. Mtaro wa barabara una upana wake. Mwenye duka anataka magari yaingie, anaweka bomba la inchi 6, anamwaga zege juu, kazi imekwisha. Bomba la inchi 6 likilinganishwa na kalvati la inchi 24 lina nafasi ndogo mara 16. Mara 16! Na halizibi la kwake tu, linageuza mtaro wote wa juu kuwa bwawa, kisha linanasa makumbi ya madafu na chupa za plastiki. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, na kwa kweli mitaro ilipumua, lakini chupa bado zipo na makumbi hayajawahi kupigwa marufuku na mtu. Kukata au kufunika mtaro wa barabara kunataka ruhusa ya mwenye barabara: KeNHA kwa barabara kuu, KURA kwa zile za mjini zilizo chini yake, kaunti kwa nyingine. Ni muhimu kujua barabara ni ya nani kabla ya kulalamika, la sivyo barua yako itazunguka ofisi tatu mpaka vuli.

Siku moja ya mvua, kazi zikiwa zimesimama, nilikuwa nikisoma jinsi miji mingine inavyofanya. Philadelphia, Marekani, mradi unaochimbua ardhi ya futi za mraba 15,000 au zaidi ni lazima uonyeshe utakavyoishughulikia inchi 1.5 ya kwanza ya mvua ndani ya kiwanja chake. Kabla ya 2015 ilikuwa inchi 1. Na wenye mali za biashara hulipa ada ya maji ya mvua inayoendana na ukubwa wa eneo lao lisilonyonya: paa, lami, saruji. Sisemi tuige kila kitu, mvua yao si yetu na mapato yao si yetu. Lakini naipenda fikra ya kutaja kiasi. Inchi 1.5 ni milimita 38. Kwenye ploti yetu ya hamsini kwa mia hizo ni lita 17,700 hivi. Tangi moja la lita 10,000 na shimo zuri la kunyonyea kwenye matumbawe, umefika. Huko kwao sheria inaanzia kwenye miradi mikubwa. Kwetu tatizo ni ploti ndogo mia zilizopangana, kwa hiyo mimi ningeianzisha chini zaidi, na ningedai kitu kimoja tu kwenye kila ramani inayopelekwa kuidhinishwa: viwango vitatu vilivyopimwa, cha barabara, cha sakafu mpya na cha uwanja wa jirani wa chini, na mshale unaoonyesha maji yanatoka wapi na kuingia wapi. Mchoraji anamaliza hiyo kazi asubuhi moja. Afisa anayekagua anaona kwa dakika mbili kama mshale unaishia kwenye ukuta wa mtu.

Nikisema haya wenye kujenga huniuliza, kwa hiyo tuchimbe madimbwi? Hapana, wala msichimbe dimbwi la wazi Mombasa bila kufikiri. Dengue imetutembelea zaidi ya mara moja, na mwaka 2018 chikungunya ililaza watu nyumba kwa nyumba. Mbu yule wa mchana anayeyaeneza maradhi hayo anahitaji wiki hivi ya maji yaliyotulia kutoka yai mpaka kuruka. Chochote unachojenga cha kushika maji ya mvua kiwe kimekauka ndani ya siku mbili au tatu, au kiwe kimefunikwa na wavu kwenye matundu. Tangi lenye kifuniko kilichopasuka ni mradi wa mbu.

Kwa waliokwisha kufurikiwa, nawajibu kwa ufupi kwa sababu barua pepe ni nyingi. Anzeni na kuzungumza. Kuna kesi nilizopima ambazo zilikwisha kwa majirani wawili kugawana gharama ya bomba moja kupita kwenye mpaka hadi kwenye mtaro, na mwenye kupandisha akatoa fungu kubwa. Mzee wa mtaa alikaa katikati, chai ikanywewa. Isipowezekana, andikeni kwa idara ya mipango ya kaunti, mkiambatanisha vipimo na picha, muulize kama kazi ile ina kibali. Ikiwa haina, kaunti ina uwezo wa kutoa notisi ya utekelezaji. Ikiwa kibali kimetolewa na mnaona kimekosea, mna siku 14 tangu uamuzi kukata rufaa kwa kamati ya usuluhishi ya mipango ya kaunti, kisha Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ikiwa ni leseni ya NEMA mnayoipinga, ni siku 60 kwenye Baraza la Mazingira. Siku 14 ni chache sana. Ndiyo maana nasisitiza ile fomu ya kijana mwenye ubao. Na kwa mtaro unaonuka na kuzalisha mbu, Sheria ya Afya ya Umma inauhesabu kuwa kero, afisa wa afya anaweza kumwamuru mwenye nao ausafishe. Njia hiyo watu wanaisahau na mara nyingine ndiyo ya haraka.

Kuna kundi ambalo sheria hizi zinalifikia kwa shida: wenye nyumba wasio na ardhi. Majengo, Kisauni na kwingineko, nyumba ni yako, ardhi ni ya mtu mwingine unayemlipa kodi ya kiwanja. Huwezi kupeleka ramani kwa jina lako, na mwenye ardhi hana haja ya kuchimba mtaro. Lakini Katiba, kifungu cha 70, haikutaki uwe na hati, wala haikutaki uthibitishe hasara yako mwenyewe, ndipo udai haki ya mazingira safi. Yule mzee wa ngazi mbili ni mmoja wa hao. Barua yake tuliiandika kwa jina lake na la majirani wengine wa chini ya kabro, tukaweka vipimo vya nyumba zao zote, na wanachodai ni mtaro wa pembeni wenye kina kinachoanzia chini ya sakafu zao. Imepokelewa, ina muhuri. Wakijibiwa nitaandika.

La mwisho ni kwa mnaonunua. Msinunue ploti Februari. Februari kila ploti ya Mombasa ni kavu na kila dalali ni mkweli. Nendeni Mei, asubuhi baada ya mvua ya usiku, mtazame mstari wa tope kwenye kuta za majirani, mmuulize muuza mbaazi wa pale kona maji hufika wapi. Dalali akisema Mei atakuwa safarini, tafuteni dalali mwingine.